Hakuwa Amekula: Maisha ya Mshonaji Wetu, 1991–2024

Mshonaji wetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mawingu, alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1991, saa kumi na moja alfajiri, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Alipofika miaka mitano, mama yake aliona ukungu mwembamba ndani ya macho yake. Akajiambia ni moshi wa jikoni, wala hakumuuliza mtu.

Alianza darasa la kwanza Januari 1998. Wenzake ndio waliompa jina hilo kwa sababu ya macho. Wakimtania, "Mawingu, leo mvua itanyesha?" alijibu, "Kamuulize mama yako kama ameanua nguo." Alimaliza kidato cha nne mwaka 2008.

Kuna jambo la miaka ile ambalo mama yake ameomba lisomwe leo, mbele ya wote waliomsikia akilisema vingine. Julai 2004 binti alikuwa akichoka mno, akapelekwa kupimwa damu kabla ya kula. Damu ilipotulia kwenye chupa, maji yaliyobaki juu yalikuwa meupe kama maziwa.

"Mama, huyu kala mafuta," alisema mtaalamu wa maabara. "Mrudishe kesho."

Kesho yake ikawa vile vile. Pale koridoni, watu wakitazama, mama alimfinya mkono.

"Umekula nini?"

"Sijala, mama."

Siku ya tatu mama alifunga jiko na kuufunga ufunguo kwenye pindo la nguo yake. Damu ikatoka nyeupe tena. "Basi umekula kwa jirani," akasema. Kwa kumwonea aibu yule mtaalamu, hakumrudisha tena. Alimpa vidonge vya kuongeza damu, na kwa miaka mingi akamwita mdokozi hata mbele ya wageni. Wageni walicheka.

Mwaka 2010 alianza kushona, cherehani ikiwa mlangoni penye mwanga. Uzi aliutunga kwa kupapasa. Fundi wa friji alimletea suruali ile ile mara nne.

"Bwana, hii inachanika au unaichana?"

"Inachanika ikikuona."

Yeye na fundi huyo walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 2015, wakajaliwa binti mmoja.

Novemba 2021 miguu ilivimba. Daktari alieleza kwamba alirithi ugonjwa kwa baba na mama, ambao wenyewe hawakuugua: kimeng'enya cha kushughulikia mafuta ya damu hakifanyi kazi. Mafuta hayo hujilundika kwenye utando wa seli nyekundu, utando ukawa mpana kupita kiasi, na seli zikavunjika kabla ya wakati wake. Mengine hukaa machoni na kwenye figo, na huweza kuifanya damu iwe na weupe hata tumbo likiwa tupu.

"Yaani gauni limekatwa pana kuliko mwili," alisema Mawingu.

"Umeeleza kuliko mimi," alisema daktari.

Mama hakucheka. Aliuliza ingekuwaje kama wangejua mwaka 2004.

"Dawa ya kuuondoa hatuna, mama. Lakini figo tungeanza kuzilinda mapema."

Figo ziliposhindwa, alisafishwa damu mara mbili kwa wiki kwa miaka miwili. Alifariki Ijumaa, tarehe 2 Agosti 2024, saa nne asubuhi, mume wake akiwa amemshika miguu. Wiki ile mama yake alikuwa amejaribu kumwomba radhi.

"Jiko ulishanifungulia zamani, mama," alimwambia. "Ila ukiandika wasifu wangu, waambie sikuwa nimekula."

Ameacha mume, binti wa miaka saba, mama, na mdogo wake wa kiume. Jumatatu mama alimpeleka mdogo huyo kupimwa, majibu yanasubiriwa. Hakumuuliza kama amekula.

Mtoto wetu alisema kweli siku zote tatu. Hakuwa amekula. Na apumzike sasa kwa amani.