Moshi wa Kuonekana Kutoka Shambani

Ndani ya basi la Muleba, mzee Rugemalira alimwonyesha jirani yake wa kiti, binti aitwaye Violeth, sigara ya umeme aliyotumiwa na mwanawe pamoja na maelekezo ya Kichina. Jana mzee aliifungia tangi jipya, ikatoa mvuke mwembamba wenye harufu ya kuungua.

"Unavutaje, waitu?" Violeth alimuuliza kwa adabu.

Mzee akaonyesha, mashavu yakabonyea.

Violeth akacheka. "Hapo unanyonya pombe ya rubisi kwa mrija! Tangi jipya ulijaze maji yake, usubiri dakika kumi pamba ya ndani ilowe. Kisha fungua tundu la hewa, uvute polepole. Mvuke utakuwa mzito kupita moshi wa kiko."

"Wa kuonekana kutoka shambani?"

"Shambani kuna nini?"

"Marehemu mke wangu alikuwa akivuta kiko barazani. Nikitoka kwenye kahawa, nauona moshi wake juu ya migomba kabla sijaiona nyumba."

Violeth akaitazama ile sigara. "Sasa Ta, mzee wangu, ukivuta wewe barazani, nani atauona kutoka shambani?"

"Nitaiacha inafuka, niende."

"Haifuki bila mtu wa kuivuta."

Mzee akaitia sigara mfukoni; basi lilikuwa limesimama Muleba na watu wanashuka.