Risala ya Wauza Tambuu wa Makorora, Siku ya Kufunguliwa Ofisi ya Kurahisisha Biashara na Majirani

Mgeni rasmi, Bwana Mkubwa wa Biashara, shikamoo. Sisi wanawake wauza tambuu wa Makorora, tuliosimama hapa Usagara mjini Tanga tangu asubuhi, tunakuamkia. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi karibu, maana tumeugua vya kutosha.

TULIKOTOKA

Bibi zetu walipeleka tambuu Vanga na Mombasa kabla mpaka haujajulikana unapita wapi. Huko wako shangazi zetu, wakwe zetu na wateja wetu. Harusi bila jani la tambuu la kutafuna huko si harusi, ni watu wamekutana tu. Mwaka jana ulituhutubia, ukasema nchi hukua kwa kuuziana na majirani. Lo! Kumbe marehemu bibi zetu walikuwa wataalamu, ila hawakupewa viti.

MAENDELEO

Ni mengi, mashallah. Jani likivuka, mkulima wa Amboni anapata, msusi wa matenga anapata, Bwana Marhun mwenye lori anapata, nasi tunarudi na kanga za Mombasa kuziuza hapa. Hata kodi ya waume zetu, wanaosema biashara ni mambo ya wanaume, hulipwa na tambuu. Serikali nayo haikukaa bure: zamani kibali kilikuwa kimoja, sasa ni vitatu. Na mbuzi wa pale kwenye kizuizi cha mpakani wamenenepa ajabu, kwani tambuu zikinyauka humwagiwa wao.

TAABU

Ni moja tu, tusikuchoshe. Mwenzetu Semeni amekwama pale kwenye kizuizi tangu jana na lori zima la tambuu, anazinyunyizia maji ya kisima. Vibali vyote anavyo, umebaki muhuri wa Bwana Mkaguzi. Utingo aliyerudi na basi ametusimulia. Semeni alisema, "Baba, jani hili kesho ni takataka." Bwana Mkaguzi akamjibu, "Mama, sheria hainyauki. Nangojwa Tanga kumpokea mgeni." Akatia muhuri mkobani, akaja zake.

Mzigo ule ni wa harusi ya leo jioni, Vanga. Usipofika, wenyewe watanunua kwingine na hawatarudi kwetu. Semeni ni mjane, hana kazi nyingine. Tunacheka, Bwana Mkubwa, lakini roho zinatuuma.

OMBI

Tuliandaa maombi ya barabara, banda na kisima. Tumeyafuta yote. Ngoma nayo tumeifuta, na shairi la kukusifu pia. Pilau imeiva, ila tunakusihi usiile kwanza. Ukiketi kula, Bwana Mkaguzi naye ataketi, na adabu yake tunaijua, hainuki kabla yako. Ndiye huyo kushoto kwako, mwenye mkoba mapajani, anayetupigia makofi. Gari la kumrudisha mpakani liko nje, linanguruma. Mpe ruhusa aende sasa hivi.

Mwenyezi Mungu akupe umri mrefu kuliko wa jani la tambuu. Amin.

Ni sisi, Wauza Tambuu wa Makorora. Amesoma Mwatumu, badala ya mwenyekiti wetu, Semeni, ambaye hakuweza kufika kwenye sherehe hii ya kurahisisha biashara.