Maisha ya Fausto Belleri na Bastola Zake Pacha

Padri Tullio, ndugu, majirani wa Inzino, wanachama wa chama cha walenga shabaha, na nyote mlioacha kazi zenu leo Jumatano mkaja, familia inawashukuru kwanza kabla ya kusema lolote, maana marehemu alipenda shukrani zitangulie, akidai kwamba zikiwekwa mwisho watu huwa wameshaanza kutafuta kofia zao.

Marehemu Fausto Belleri alizaliwa tarehe 15 Februari 1941 hapa hapa Inzino, Gardone Val Trompia, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Bortolo Belleri, fundi wa kusaga mitutu, na Mama Agnese, na kwa kuwa siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Faustino jina lilijichagua lenyewe, ila karani wa manispaa alikuwa na haraka zake akaandika kwamba Fausto ni wa kike, kosa lililogunduliwa mwaka 1960 vijana wenzake wote walipoitwa jeshini isipokuwa yeye, naye akaenda kulalamika kwa miguu yake mwenyewe, jambo ambalo mama yake alichukua muda mrefu kulisamehe.

Alisoma shule ya msingi ya Inzino kuanzia mwaka 1947 hadi 1952, kisha shule ya ufundi ya Gardone, na mwaka 1957 akaajiriwa katika karakana iliyotengeneza nakala za bastola za kale, zile za gumegume, zinazojazwa baruti mdomoni na kuwashwa kwa cheche ya jiwe, akafanya kazi hapo ya kuunganisha mitambo mpaka alipostaafu mwaka 1996. Watu wengi wakitoka kazini hawataki kuiona kazi tena, lakini yeye aliibeba mpaka nyumbani, akazipenda hasa bastola ambazo mabwana wa zamani walitumia kumaliza ugomvi wa heshima alfajiri kwenye uwanja wenye umande, na ukuta wa sebule ukajaa nakala zake, zimefutwa vumbi kuliko sisi wanawe.

Wakusanyaji wa bastola halisi walimcheka. Mmoja wao alimwambia mbele ya watu, "Belleri, wewe unakusanya picha za chakula," naye akajibu, "Za kwenu zimeua watu. Zangu zimetoboa karatasi tu, na mimi usiku nalala." Mgeni akija, hata awe mtoza kodi, alipewa bastola moja, akaambiwa afumbe macho, ainue mkono kama anayemwonyesha mtu mlango, kisha afumbue, na alipokuta mtutu umeshatazama shabaha wenyewe bila kuelekezwa, marehemu alicheka kwa furaha kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Tarehe 7 Septemba 1968, katika kanisa hili, alifunga ndoa na Domenica Contrini, dada wa rafiki yake wa karakanani, Gildo Contrini, mchonga nakshi kwenye chuma, nao wakajaliwa watoto wawili, Ornella mwaka 1970 na Bortolo mwaka 1973, na baadaye wajukuu watatu.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1986 marehemu alitengeneza kwa mikono yake bastola mbili, na shemeji yake Gildo akazichonga nakshi. Bastola za namna hiyo huzaliwa pacha, hulala katika sanduku moja, na hulingana mpaka uzito, ili wawili waliokoseana wasije wakasema mmoja wao alipendelewa. Marehemu alizipenda kuliko zote ukutani, na Mei 1987 akakubali kuzionyesha kwenye ukumbi wa parokia. Gildo, akitaka kumfurahisha, aliiba moja siku chache kabla, akaifuta jina la karakana na mihuri ya ukaguzi, akailoweka katika siki, akaisugua kwa maganda mabichi ya jozi, yale ya kokwa yanayotia weusi, akairudisha asubuhi ya maonyesho.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nimeizeesha miaka mia mbili, bure."

Kabla hawajaamua kama ni kicheko au ngumi, akaingia mkuu mpya wa kituo cha polisi, aliyekuwa amesoma kanuni zote na kuziamini. Sheria yetu, kama mnavyojua, humwachia mtu nakala yake akae nayo kwa amani, lakini kitu halisi cha kale lazima kiandikishwe, naye mkuu akaona bastola moja inang'aa na ya pili imekula karne.

"Hii ni ya mwaka gani?"

"Ya mwaka jana, Afande."

"Usinitanie, mzee."

Ikachukuliwa, ikapelekwa mjini kwenye ofisi ya mambo ya kale, na baada ya kutafakari kwa kipindi kinachotosha kulea mimba, ofisi ikajibu kwamba ni kazi maridadi ya mwisho wa karne ya kumi na nane, ni urithi wa taifa, na itatunzwa ghalani. Aliyeweza kuthibitisha kwamba ni nakala alikuwa Gildo peke yake, aliyeifuta mihuri, na Gildo akakataa.

"Nimechonga maisha yangu yote, hakuna aliyenisifu hata kwa kikohozi," alimwambia marehemu jikoni kwa dada yake. "Leo serikali inasema kazi yangu ni urithi wa taifa, nawe unataka nikaape kwamba ni takataka?"

"Sijasema takataka, nimesema nakala!"

"Kwao ni mamoja."

Tangu siku hiyo mashemeji hao hawakusemeshana, na Mama Domenica akawa anapika ugali wa polenta mara mbili kila Jumapili, mchana kwa mume, jioni kwa kaka. Sanduku likabaki na shimo moja tupu. Watu walimshauri marehemu atengeneze nyingine, akajibu kwamba kutengeneza anaweza, ila hiyo itakuwa nakala.

Novemba 2015 marehemu alianza kusumbuliwa na mapafu, akatibiwa kwa uangalifu mkubwa, na Machi 2017 madaktari wakatueleza kwa upole kwamba kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Dada mtu alimwambia Gildo jambo hilo bila kuongeza neno, na tarehe 3 Aprili Gildo akaingia kituo cha polisi na tupa, chupa ya siki na mfuko wa maganda ya jozi.

"Nimekuja kujisalimisha," alimwambia mkuu wa sasa, mama kijana. "Mimi ndiye karne ya kumi na nane."

"Mzee wangu, kosa hilo limeshapitwa na wakati."

"Basi nikaripie kidogo, nisiwe nimevaa tai bure."

Mama huyo alimsikiliza hadi mwisho, akaandika, akafuatilia, na Agosti ofisi ikatangaza kwamba kitu hicho, kwa kuwa ni cha bandia, hakilihusu tena taifa. Marehemu alisema hajawahi kutukanwa vizuri hivyo. Tarehe 2 Septemba Gildo aliileta mwenyewe.

"Umechelewa, shemeji."

"Foleni, shemeji."

Akajitolea kuing'arisha irudi kama zamani, na marehemu akamzuia. "Iache. Mwenzake atazeeka taratibu amfikie."

Tarehe 16 Septemba tulimpeleka marehemu uwanja wa shabaha kwa kiti cha magurudumu. Akafungua sanduku, akamwambia Gildo achague kwanza, kwa sababu desturi humpa nafasi hiyo aliyetukanwa, na Gildo akachukua ile inayong'aa, akamwachia mwenzake ile aliyoililia miaka yote. Kila mmoja alifyatua mara moja kwenye kadi yake, moshi ukatanda, na ulipoondoka kadi zote mbili zilikuwa nzima. Wanachama wenzake mnajua kwamba Fausto, hata na homa, hakukosa kadi kwa umbali ule, na Gildo naye tumeona vema tusimuulize. Kanuni ya zamani iko wazi, wawili wakishafyatua na hakuna aliyepata, heshima ya kila mmoja imerudi, wanapeana mikono. Walipeana, wakachelewa kuachiana.

Marehemu alifariki nyumbani alfajiri ya Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2017, mkewe akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomfanya apumue kwa heshima, majirani waliotuletea kuni na supu bila kugonga mlango, wafanyakazi wenzake wa karakana, na mkuu wa kituo, aliyeipenda haki kuliko jalada. Mjomba Gildo, kwako hatuna neno la kutosha, ila tumekubaliana kwamba bastola zote mbili zitakaa kwako, katika sanduku moja, na hakuna wa kuzigawa.

Fausto, mume wa Domenica, baba yetu, pumzika kwa amani, umeondoka bila kuacha ugomvi na mtu.