Ligi Imerudi, Mtambaa wa Panya Haujarudi

Kijiwe chetu cha Merigi kiko kwenye baraza ya duka langu la dawa za mifugo. Wengine wana kahawa. Sisi chai imetuzunguka mpaka mlangoni, basi tunakunywa chai, ile ya maziwa, kutoka kwa thamosi ya Phyllis. Tunamwita Refa kwa sababu akifunga kifuniko, mabishano yamekwisha. Benchi yenyewe ndiyo fahari yetu. Ile ya zamani ilienda na polisi wakati korona ilipoingia na watu wakakatazwa kukusanyika. Tulipofunguliwa kidogo, asubuhi moja tukaikuta hii mpya: ubao mmoja wa saiprasi uliolazwa juu ya mawe, kuanzia mlango wangu hadi karibu na kwa kinyozi. Ni mwembamba, tako moja linakaa na lingine linangoja zamu. Lakini urefu wake! Watu wanaketi mbalimbali kama sheria inavyotaka na bado nafasi inabaki. Tuliiombea. Joab aliongoza sala, barakoa ikiwa kidevuni, akamshukuru Mungu kwa ajili ya “yule mtumishi wako aliyeileta na hataki kutajwa.” Kila mwanaume pale aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu aliyetajwa.

Alhamisi hiyo redio ya dukani ilitangaza kwamba ligi ya wanawake, iliyonyamaza tangu Machi, itarudi Jumamosi. Bila mashabiki. Merigi Queens watacheza nyumbani. Habari ambayo redio haikuwa nayo, sisi tulikuwa nayo: mkaguzi wa uwanja alikuja, akakuta goli la upande wa majani chai lina milingoti miwili na hewa katikati. Mtambaa wa panya, ule mti wa juu, haukuwepo. Usipopatikana kufikia Jumamosi, wageni wanapewa ushindi na Merigi inatolewa ligini.

— Hiyo krosbaa iko sokoni Mulot, alisema Gordon. Yeye ni mtu wa bodaboda, na tunamwita Kamera kwa kuwa huona kila kitu, ila baadaye. Akaendelea: Niliona lori ya ng'ombe ikipita hapa. Ng'ombe wote wamesimama wima kama kwaya. Ng'ombe gani husimama hivyo? Kuna kitu walikuwa wameegemea.

— Uliona krosbaa yenyewe? Joab akamuuliza.

— Niliona ng'ombe.

— Basi rudisha picha nyuma tuangalie tena.

Joab ndiye VAR, ile video ya kuwarudishia waamuzi picha. Alikuja kutoka upande wa ziwa, ambako mzee huitwa jaduong', akiwa kijana, akafanya kazi kiwandani mpaka akastaafu, na mpaka leo hakubali jambo kabla ya kuliangalia mara mbili.

— Hiyo ni mvua ya mawe, alisema. Ile kubwa, iliyoangusha chai huko Litein. Barafu ilishuka kama panga, ikakata krosbaa, ikayeyuka. Ushahidi wote umekuwa maji. Ndiyo wahenga wakasema, maji yakimwagika hayazoleki.

— Na krosbaa yenyewe, jaduong', nayo iliyeyuka?

— Kamera, mimi naongea juu ya chanzo. Usinitoe kwa chanzo.

Daktari akacheka kwa dharau. Daktari ni Nicholas, mkulima ambaye chai yake inapakana na uwanja. Zamani alikuwa akiogesha ng'ombe kwenye josho, na jina likamkwama.

— Nyinyi hamuelewi sayansi. Huyo ni mchwa. Kuna mchwa wa kisasa, anaanza na rangi, anakula mbao, halafu anakula ule unga wake. Hakuna kitu inabaki.

— Na milingoti mbona hakuila? nikauliza kutoka ndani.

— Madam Sally, wewe na digrii yako. Huyo mchwa anapenda kitu imelala. Kitu imesimama inamsumbua mgongo.

— Mchwa ana mgongo?

— Basi kama si mchwa, ni hewa! Sauti ya Daktari ilikuwa imempanda. Ndege zilikatazwa kuruka, sivyo? Sasa ile hewa yote ambayo zilikuwa zikikanyaga huko juu, ingeenda wapi? Ilikaa bure. Ikashuka chini kutafuta kazi. Ikapata krosbaa.

— Hewa ilikosa kazi? Phyllis akauliza, thamosi mkononi.

— Ni nani hakukosa, Phyllis?

Phyllis alimimina chai kwa kila kikombe, hata kile cha Kamera ambacho hakikuwa kimeisha.

— Lakini wale wasichana wa Queens, alisema Joab polepole. Tuseme ukweli. Mwaka huu bila wao tungekuwa wapi? Loice, mke wangu, alipofungiwa ndani wiki mbili, ni nani alituletea maji mlangoni? Ni wao. Wanaacha mtungi, wanarudi nyuma, wanapiga mbinja ndio tutoke.

— Na Daktari je? alisema Phyllis. Daktari alipofungiwa, chai yake ilikuwa imefika kuchumwa. Chai haijui korona. Ukiiacha inakomaa, kituo cha ununuzi kinaikataa. Winny wao alileta timu nzima asubuhi, wakachuma safu kwa safu mpaka chini.

— Walikuwa wakiimba, alisema Daktari. Kisha akanywa chai ya moto kama mtu anayejiadhibu.

— Mungu awabariki, alisema Joab, akainuka kunyoosha miguu. Kitambaa kikalia prrr. Aii! Tena! Hii misumari itanimaliza suruali. Kikulacho ki nguoni mwako.

Misumari ile midogo, iliyopindwa kama ndoano, imejipanga chini ya benchi kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna suruali ya kijiweni isiyoijua.

— Usiilaumu, jaduong', alisema Kamera. Hiyo ni vipimo vya afya. Angalia imeachana sawasawa. Ukikaa, unahesabu misumari, unajua uko mbali kiasi gani na mwenzako. Aliyeleta benchi alifikiria.

— Alifikiria sana, alisema Joab, akatazama chini kwa unyenyekevu.

— Tunamshukuru, alisema Kamera, naye akatazama chini.

Daktari alikuwa ameshatazama chini zamani.

Winny akatokea upande wa kwa kinyozi, barakoa ya kitambaa usoni, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Ndiye golikipa na ndiye kapteni.

— Chamgei, wazee. Chamgei, Mama Phyllis.

— Chamgei mising, mama. Karibu.

— Madam, uko na waya wa kufungia? Ule mgumu.

Nikamwambia ninao. Waya wa nini?

— Tumekata mti wa mkaratusi. Umepinda, lakini tukiuvuta na waya labda utadanganya macho. Mkaguzi anarudi kesho. Mbao nzima ya urefu ule hakuna mahali inauzwa, nimeuliza mpaka Bomet.

— Na akiukataa? Phyllis akauliza.

— Basi, alisema, akaketi mwisho wa benchi, mbali na wengine. Kiwandani waliniita kazi ya kudumu, Mama. Nikawaambia wangoje, ligi inarudi. Wakasema hawawezi kungojea mpira. Nikaiacha. Nyumbani hawajui bado.

Phyllis alimpa kikombe.

Winny alishusha barakoa anywe, na mkono wake wa kushoto ukashika benchi kwa chini, kama mtu yeyote anavyoshika anapoketi. Ukagusa msumari. Ukaacha. Ukatafuta mwingine, ukaupata. Akaweka kikombe chini, akarudisha barakoa, akachuchumaa, akaanza kutembea na vidole chini ya ubao, msumari kwa msumari, kama anapofunga wavu wa goli, akimpita Kamera, akimpita Joab, hadi katikati. Hapo akageuza kiganja na kukibandika kwenye mbao. Nilitoka dukani nikainama nami. Rangi nyeupe, iliyokwisha juu kwa jua na mvua, ilikuwa bado iko chini kule, isipokuwa mahali pamoja palipochakaa, upana wa mkono wake. Kabla ya kila mechi Winny huruka akapiga mtambaa katikati. Merigi nzima inajua. Watoto wa shule humwiga.

— Wazee, alisema bila kuinuka. Hii benchi aliileta nani?

Nimeishi na wanaume hawa miaka, nimesikia wakijibu maswali ya siasa, ya ndoa za watu, ya mwezi kupatwa. Hili kila mmoja alimpasia mwenzake.

— Si mimi, alisema Joab.

— Hata mimi si mimi, alisema Kamera. Mimi hata siku hiyo sikuwa.

— Na tulipokuwa tukikushukuru? Phyllis akamgeukia Kamera. Si ulisema “ni kidogo tu”?

— Nilimaanisha ni kidogo. Sikusema ni yangu.

Macho yakaenda kwa Daktari. Alikuwa amevua kofia, anaizungusha.

— Ilikuwa ng'ombe, alisema.

— Ng'ombe tena? Kamera akafurahi. Si niliwaambia ni ng'ombe!

— Nyamaza. Ng'ombe wangu. Uwanja ulikuwa umefungwa, nyasi imefika magotini, nani anacheza? Nikamfunga kwa mlingoti ale. Akashtuka na kitu, akavuta, mlingoti ukatingika, krosbaa ikaanguka. Nikaogopa chifu. Nikasema niitoe isichukuliwe kuni, nitarudisha. Nikaileta hapa na mkokoteni wa punda kabla watu waamke. Nilitaka kuilaza tu kwa baraza, juu ya mawe, mvua isiinyeshee. Nikaenda kurudisha punda. Kuja, nikapata mmekaa. Akamtazama Joab. Na mkaiombea! Ningesema nini baada ya Amina?

— Mchwa wa kisasa, nilisema. Sikuweza kujizuia.

— Madam, tafadhali.

Akamgeukia Winny, na sauti ile ya sayansi ikawa imemtoka.

— Mlichuma chai yangu. Nilikuwa nimelala pale, siwezi hata kuinuka, nawasikia mkiimba kwa shamba. Na ni mimi nilikuwa nimetoa goli lenu. Kila siku nilitaka kusema, mama. Kila siku nilikuja nikaketi juu yake.

Nilidhani msichana atamrukia. Mimi ningemrukia. Winny alipitisha tena mkono chini ya ubao, mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayempapasa ndama aliyerudi nyumbani.

— Haijapinda, alisema. Haina hata ufa. Kila mbao iliyolegea kwenye uwanja ule ilichukuliwa kuni, Mzee Nicholas. Choo, viti vya akiba, vyote. Hii imekaa kavu kwa sababu mlikuwa mmeikalia. Akainuka, na macho yake juu ya barakoa yalikuwa na maji. Kongoi. Kongoi mising, wazee wote.

Hakuna adhabu ambayo ingewafinya kama asante ile. Joab alikuwa wa kwanza kusimama. Suruali ikalia tena, hakuitazama. Kamera alienda kuwaita wenzake wa bodaboda. Daktari alishika kichwa cha ubao mwenyewe na kukataa kupokewa.

Walipokuwa wameuinua begani, Winny akasimama ghafla.

— Na nyinyi sasa mtaketi wapi?

Wakatazamana. Kisha Daktari akasema twende, mti hauendi ila kwa nyenzo, methali pekee iliyokaa mahali pake siku hiyo, na wakaenda.

Mkaguzi alipima Ijumaa, akapima tena, akatia sahihi.

Jumamosi geti la uwanja lilifungwa kama sheria ilivyosema. Shabiki hata mmoja hakuingia. Lakini ng'ambo ya uzio kuna chai ya Daktari, na Daktari alikuwa ameisoma sheria mwenyewe: inakataza mashabiki, haikatazi kilimo. Kwa hiyo tulisimama katika majani hadi kiunoni, mtu mmoja kila safu, barakoa puani, vikapu mgongoni. Joab na Loice wake. Kamera. Phyllis na thamosi ndani ya kikapu. Mimi, niliyefunga duka siku ya soko. Tulikaa kimya kama kanisani, maana tulikuwa tumeahidi.

Winny alitoka na glavu zake. Alifika golini, akatazama juu kidogo, akaruka. Kiganja kikapiga mbao katikati, pa! Nikamsikia Joab nyuma yangu akisema taratibu, “Amina.”

Mwamuzi alikuwa mwanamke mfupi wa Kisii, Bochaberi, mkali kama pilipili. Filimbi ilikuwa karibu kufika mdomoni aliposita. Alitazama shamba, akatutazama safu kwa safu, akamwendea Winny.

— Kapteni, wale ni mashabiki?

— Hapana, refa. Wale wanachuma chai.

Bochaberi alikuja mpaka kwenye uzio.

— Habari zenu, wazazi. Mbona vikapu vyote ni vitupu?

Kamera, aonaye kila kitu, alitazama viatu. VAR hakuomba kurudisha picha. Hata Daktari, bingwa wa sayansi zote, hakuwa na mchwa wala hewa ya kumsaidia. Alivuta pumzi, akainama, akachuma: majani mawili na chipukizi. Sote tukainama.

Tulibaki tumeinama hivyo, tukichuma chai ya mwizi wa goli kwa moyo wetu wote, mpaka tukasikia filimbi ya kuanzisha mechi.