Hesabu ya Didas

Kijiwe chetu kipo pale barabara ya Kilolo inapoingia Iringa mjini: benchi moja, birika moja, ubishi kila siku. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, hata ng'ambo ya barabara hatukuiona. Didas wetu alikuwa anajipima kwa mbio za kilomita arobaini na mbili, na kaanza huko juu Kilolo saa kumi na mbili kamili, zitimie hapa kijiweni. Tulikubaliana kwamba asipopita kijiweni kwa wakati, Saulo wa bodaboda amfuate na blanketi. Baridi ya huko juu si ya kuchezea.

Kalkuleta, mwalimu mstaafu wa hesabu, alishaandika ukutani kwa chaki: 2:41.

— Kilomita kumi anakata kwa dakika thelathini na tano, alisema. Umbali ukiwa mara mbili, muda unakuwa mara mbili na kidogo. Saa mbili na dakika arobaini na moja yuko hapa.

— Na milima je, mwalimu? Saulo akauliza. Hizo kumi alizikimbia uwanjani!

— Milima inapanda, inashuka. Inafutana.

— Inafutana kwenye daftari lako!

Mzee Sifaeli, tunayemwita Nabii, akapuliza kahawa yake.

— Nyie watoto. Ikifika kilomita ya thelathini mtu hakimbii tena. Mwenyewe anabaki nyuma, kinachokuja mbele ni hesabu yake.

— Mzee, hiyo kahawa punguza!

Tukacheka. Saa mbili na dakika arobaini na moja, tukasikia hatua. Pa, pa, pa, na pumzi ya mtu. Kivuli kikapita ukunguni.

— Didas! Kaza baba!

Hakugeuka. Kalkuleta aliruka kama kashinda yeye. Saulo akakunja blanketi, akaomba kikombe kingine. Nami nilishangilia, na mpaka leo naona aibu.

Saa tatu akaja Yusta, dada yake Didas, anahema, simu mkononi.

— Kamweneni, akatusalimu kwa Kihehe. Saulo, mbona bado upo hapa?

— Didas si kashapita, dada! Kalkuleta akajibu. Dakika ileile niliyoandika!

— Kapita wapi? Kanipigia sasa hivi. Yuko kilomita ya thelathini, mguu umekaza, kakaa chini anatetemeka, hata maneno hayatoki vizuri. Huyo mliyemwona, mlimwona uso?

Nilimtazama Kalkuleta. Kalkuleta akamtazama Nabii, na Nabii akaweka kikombe chini.

Saulo alinyakua blanketi, akakimbilia pikipiki. Kabla haijawaka tukasikia zile hatua tena, mwendo uleule, zinarudi kuelekea Kilolo, aliko mwenyewe.