Umri wa Mbingu na Umri wa Mkunga

Kwenye basi la asubuhi, mwalimu wa fizikia aliyekaa mbele yangu alimwambia mama wa pembeni yake kwamba ulimwengu una miaka bilioni kumi na tatu na ushee. Alisema kama mtu aliyekuwepo.

Mama yule alikuwa mkunga, akienda kukabidhi funguo za wodi. "Mwanangu, nimezalisha miaka thelathini. Mjamzito amelala mbele yangu, namgusa kwa mikono hii, na bado tarehe naikosea kwa wiki mbili. Ninyi hiyo ya mbingu mnaitoa wapi?"

"Kwenye mwanga wa nyota, mama. Unapimwa."

"Basi mngenipima na mimi. Sina cheti cha kuzaliwa. Karani wa ajira alinitazama usoni, akakisia mwaka, akaandika tarehe mosi Januari, na kwa tarehe yake hiyo nastaafishwa leo. Haya, msomi, nitazame. Nina miaka mingapi?"

Mwalimu akamtazama mvi, kisha mikono.

"Sijui, mama."

Basi lilikuwa linasimama. Mkunga akainuka, akamgusa bega. "Neno hilo tu. Karani alikuwa na kalamu nzima, na hakuliandika."