Kidoti cha Buluu

"Mama, hiyo programu ya ramani ndiyo inayokumalizia chaji. Ifute," fundi simu alimwambia mshonaji aliyeketi naye ndani ya basi. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, na masikio yangu hayana adabu.

"Nikiifuta, mwanangu nitamwona wapi? Yuko ng'ambo, na mwenyewe ndiye aliyeniwekea nione alipo. Hiki kidoti cha buluu ndiye yeye. Kikisogea asubuhi, najua kaamka mzima."

"Si umpigie tu?"

"Nikimpigia ananiambia yuko bize. Kidoti hakijawahi kunijibu hivyo."

Fundi akaitazama simu yake. Ilikuwa na chaji tele, wala haikuwa imeita tangu tupande.

Basi likasimama kituo ambacho fundi alikuwa amemwambia kondakta atashukia. Hakuinuka.

"Mama, na kama mtoto wangu mwenyewe hataki nimwone, kidoti kinatokea?"